Gesi Imesafishwa, Uchafu Wake Umekwenda Wapi?

Kila nchi inayogundua gesi asilia huanza kuiita nishati safi kabla kisima cha kwanza hakijatoa hata mita moja ya ujazo. Sina ugomvi na jina hilo kwa mtu aliyesimama jikoni. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikiungua vizuri haiachi masizi wala majivu, na mtambo wa kisasa wa umeme unaotumia gesi hutoa takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa na ule wa makaa ya mawe kwa umeme uleule. Ila gesi inayomfikia mtumiaji siyo ile iliyotoka ardhini. Katikati kuna kiwanda, na kazi yake yote ni kutenganisha: maji huku, salfa huku, hewa ukaa huku, zebaki huku, mafuta mepesi huku. Kinachotengwa hakipotei. Kinatoka kwa mlango mwingine, na mlango huo mara nyingi haumo kwenye taarifa tunazosomewa.

Nionavyo mimi, kiwanda cha kusafisha gesi kinapaswa kupimwa kwa milango yake yote. Mpaka sasa tumekuwa tukikipima kwa mmoja tu, ule wa kuuzia.

Tuanze na kinachoingia, maana hapo ndipo mambo yanapotofautiana kupita kiasi. Gesi ya Lacq, kusini magharibi mwa Ufaransa, iliyogunduliwa mwaka 1951, ilikuwa na takriban asilimia 15 ya haidrojeni salfaidi, ile hewa yenye harufu ya yai viza inayoua. Ya Groningen, Uholanzi, ilikuwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 14, na majiko ya nchi hiyo yalitengenezwa yaendane na gesi hiyo dhaifu. Natuna Mashariki, katika bahari ya Indonesia, ina hewa ukaa inayokaribia robo tatu ya gesi yote, na tangu igunduliwe miaka ya 1970 haijapata mtu wa kuitoa. Na huko Dexter, Kansas, mwaka 1903 watu walikusanyika kushuhudia kisima kipya kikiwashwa moto, gesi ikakataa kuwaka. Wanakemia wa chuo kikuu cha jimbo hilo walipoichunguza wakakuta sehemu kubwa ni naitrojeni, na ndani yake heliamu, kitu kilichodhaniwa kuwa adimu mno duniani. Hadi leo heliamu inayopoza mashine za picha za hospitali hutoka kwenye viwanda vya gesi. Kwa hiyo neno “gesi asilia” peke yake halituambii mengi. Swali la kwanza kwa mtu yeyote anayetangaza ugunduzi liwe hili: ndani yake mna nini, na kwa asilimia ngapi?

Mnunuzi naye ana masharti yake. Kwa gesi ya kusafirishwa kwa bomba, mikataba mingi hutaka hewa ukaa isizidi asilimia 2 au 3, haidrojeni salfaidi isizidi sehemu 4 hivi kwa milioni, na mvuke wa maji uwe mdogo sana. Gesi ya kugeuzwa kimiminika ina masharti makali zaidi, kwa sababu itapozwa hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri, na kwenye baridi hiyo hewa ukaa huganda kuwa yabisi na kuziba njia. Hapo hewa ukaa hutakiwa ishuke chini ya sehemu 50 kwa milioni, na zebaki isizidi sehemu moja ya mia ya maikrogramu katika mita moja ya ujazo. Masharti haya yaliandikwa kulinda bomba, mashine na mteja, na yanafanya kazi hiyo vizuri. Hakuna hata moja linalouliza kilichoondolewa kimepelekwa wapi.

Chukua maji, ambayo wengi huyaona kuwa tatizo dogo. Maji na methani vikikutana chini ya mgandamizo mkubwa hushikamana kuwa haidreti, kitu kinachofanana na theluji iliyoshindiliwa, hata kama joto liko juu ya sifuri. Mwaka 1934 mhandisi Mmarekani aitwaye Hammerschmidt alionyesha kwamba haidreti ndizo zilizokuwa zikiziba mabomba ya gesi, wakati watu wakidhani ni barafu ya kawaida. Donge la haidreti likiachia ghafla huku upande mmoja una mgandamizo na mwingine hauna, huruka ndani ya bomba kwa kasi ya risasi na kupasua kona ya kwanza inayokutana nayo. Ndiyo maana gesi hukaushwa mapema.

Njia iliyozoeleka ni glaikoli, kimiminika kinachofyonza maji. Gesi hupandishwa kwenye mnara, glaikoli hushuka kutoka juu, vinakutana katikati na glaikoli inafyonza maji. Kisha glaikoli huchemshwa kwenye birika kwa nyuzijoto 200 hivi, maji yanatoka kama mvuke, na glaikoli inarudishwa kazini. Kwenye karatasi hii ni kazi safi kabisa. Lakini glaikoli haifyonzi maji peke yake. Hufyonza pia benzini na tolueni, na vikichemshwa hivyo hutoka pamoja na mvuke kwenye bomba lilelile dogo la juu ya birika. Benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu. Katika vituo vingi vidogo vilivyo mbali, pampu ya glaikoli huendeshwa na mgandamizo wa gesi yenyewe, na gesi hiyo, methani tupu, ikishamaliza kazi huachwa iende zake. Bomba hilo dogo halina mwenge, ule moto wa kuchomea gesi isiyotakiwa, wala moshi wa kuonekana. Mtu anaweza kupita chini yake kila siku akidhani ni mvuke wa maji. Kifaa cha kuupoza mvuke huo na kurudisha gesi yake kiwandani kipo, si kigeni, wala si ghali ukikilinganisha na mnara wenyewe. Hufungwa pale sheria inapodai.

Sasa twende kwenye moyo wa kiwanda, mnara wa amini, kemikali inayofyonza gesi za asidi. Mbinu hii ilipewa hataza Marekani mwaka 1930, na karibu karne nzima baadaye bado ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi hii duniani. Gesi chafu huingia chini ya mnara, mchanganyiko wa maji na amini hunyunyizwa kutoka juu, na kwenye kila trei viwili hivyo hukutana. Haidrojeni salfaidi na hewa ukaa ni za asidi, amini ni ya alkali, kwa hiyo hushikana. Mshikano huo hutoa joto, na ukisoma vipimajoto kutoka chini kwenda juu utaona mahali joto la mnara linapopanda ghafla kabla ya kushuka tena. Amini iliyoshiba hutoka chini, hupelekwa kwenye mnara wa pili, huchemshwa kwa nyuzijoto 120 hivi, huachia ilichobeba, hupozwa, hurudi juu. Mchana na usiku, bila kukoma.

Adui wa mnara huu ni povu. Inatosha matone machache ya mafuta mepesi yaponyoke kwenye vichujio vya mwanzo, au dawa ya kuzuia kutu iliyomwagwa kisimani ifuatane na gesi, au chembechembe nyeusi za chuma na salfa ziongezeke kwenye mzunguko. Wendeshaji wazoefu hulijua povu kabla halijaleta madhara: tofauti ya mgandamizo kati ya chini na juu ya mnara inaanza kupanda, kina cha amini chini kinashuka bila sababu, kisha amini yenyewe inaanza kubebwa na gesi kutokea juu. Dawa ya povu huingizwa kwa kipimo, kwa sababu ikizidi, yenyewe huanza kuleta povu. Kinga iliyo bora ni ya kawaida sana: kuhakikisha amini inayoingia ina joto la nyuzi 5 hivi kuzidi gesi, ili mafuta mepesi yasigeuke kimiminika ndani ya mnara. Nyuzi 5 tu. Zikipotea kwa sababu kipoozeo kimepoza kupita kiasi usiku wa baridi, gesi inayotoka hukosa sifa za mkataba, na ikishakosa sifa haiwezi kuingizwa kwenye bomba la mteja. Inapelekwa kwenye mwenge na kuchomwa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu moto ule mkubwa unaoonekana kutoka mbali mara nyingi hufafanuliwa kwa wananchi kama jambo la usalama, basi. Ni kweli mwenge ni kifaa cha usalama, na kiwanda kisicho nao ni hatari. Lakini sehemu ya kinachochomwa humo hutokana na mambo yanayozuilika: kichujio ambacho hakikubadilishwa, amini iliyochakaa ikaachwa iendelee, kipimo kilichopuuzwa. Benki ya Dunia, inayofuatilia mienge kwa setilaiti, ilikadiria kwamba mwaka 2023 zilichomwa mita za ujazo bilioni 148 duniani. Nyingi ya hizo hutoka kwenye visima vya mafuta ambako gesi haina soko, hilo halina ubishi. Viwanda vya gesi navyo vina fungu lao.

Kwenye salfa ndipo tasnia hii inapostahili sifa, tena bila kubana. Haidrojeni salfaidi ni hatari ya aina yake. Ikiwa kidogo sana pua huinusa; ikifika sehemu 100 kwa milioni hisia ya kunusa hupotea, na mtu hudhani hatari imepita; ikipanda hadi mia kadhaa, huanguka na kufa. Desemba 2003, huko Kaixian katika eneo la Chongqing, China, kisima cha gesi ya namna hiyo kiliponyoka usiku na kuua zaidi ya watu 200, wengi wao wanakijiji. Chuma nacho hakisalimiki. Kashagan, kwenye Bahari ya Kaspi, uzalishaji ulianza Septemba 2013 na kusimama wiki chache baadaye kwa sababu mabomba yalipasuka nyufa kutokana na gesi hiyo. Yalibidi yatolewe na kulazwa mapya, na kazi haikurudi mpaka 2016.

Pamoja na ukali huo, tasnia ilipata jibu, na jibu lenyewe ni la zamani. Carl Friedrich Claus alipata hataza yake mwaka 1883. Theluthi moja ya haidrojeni salfaidi huchomwa iwe salfa dayoksaidi, kisha hiyo huunganishwa na theluthi mbili zilizobaki juu ya kichocheo, na kinachotoka ni maji na salfa ya njano iliyoyeyuka. Hatua hizo zikirudiwa mara mbili au tatu hukamata asilimia 95 hadi 98 ya salfa, na mtambo wa kusafisha mabaki ukiongezwa mwishoni hufikia 99.9. Lacq, uzalishaji ulipoanza mwaka 1957, iliifanya Ufaransa kuwa mzalishaji mkubwa wa salfa. Leo sehemu kubwa ya salfa duniani inatokana na kusafisha mafuta na gesi, na nyingi yake huishia kwenye mbolea. Kilichofanya uchafu huu ukamatwe kikamilifu hivi si ugumu wala urahisi wa kemia. Unaua papo hapo, unanuka, unaleta mvua ya asidi kwenye mashamba ya jirani, na una bei sokoni. Kwa hiyo sheria zikatungwa na zikafuatwa.

Harufu yenyewe ina habari yake ya kusikitisha. Katika mashamba ya mafuta ya Texas, gesi iliyobaki kwenye mabomba baada ya kukamuliwa petroli nyepesi ilionwa kuwa taka. Ilichomwa au ikaachwa watu wajichotee. Shule moja huko New London iliunganisha bomba lake humo ili kubana matumizi. Gesi hiyo haikuwa na harufu yoyote. Ilivuja chini ya sakafu bila mtu kujua, na tarehe 18 Machi 1937 ikalipuka na kuua watu takriban 300, wengi wao watoto. Tangu hapo gesi ya majumbani hutiwa harufu makusudi. Mlango ambao kiwanda hakikuuhesabu uliishia darasani.

Hewa ukaa haijapata bahati ya salfa. Mnara uleule wa amini huikamata, mnara wa pili huiachia ikiwa karibu safi kabisa, tayari imekusanywa, imetengwa, imelipiwa. Ndiyo hewa ukaa rahisi kuliko zote kuzuia, kwa kuwa kazi ngumu ya kuitenga imeshafanywa kwa faida ya mteja. Kisha, katika viwanda vingi, huachiwa hewani. Hainuki, haionekani, haimuui jirani.

Hesabu yake haihitaji utaalamu. Chukua kisima chenye hewa ukaa asilimia 14, na tuseme kilichobaki chote ni methani. Katika kila molekuli 100, 14 zitaachiwa kiwandani. Zile 86 zikichomwa kwa mteja, kila moja itatoa molekuli moja ya hewa ukaa. Kwa hiyo kila 86 za mteja zina 14 nyuma yake ambazo hazimo kwenye hesabu anayoonyeshwa, yaani nyongeza ya asilimia 16. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa gesi ya aina ya Natuna, hewa ukaa ya kiwandani inazidi ya jikoni zaidi ya mara mbili. Na hapo hatujagusa gesi inayochomwa kuendesha mitambo yenyewe, ambayo kwenye kugeuza gesi kuwa kimiminika inaweza kukaribia asilimia 10 ya gesi yote, wala methani inayovuja, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa.

Kuna walioonyesha njia. Norwei ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa baharini mwaka 1991. Gesi ya Sleipner, eneo la gesi baharini nchini humo, ilikuwa na hewa ukaa hadi asilimia 9 na mnunuzi alitaka isizidi 2.5. Badala ya kulipa kodi, tangu 1996 wazalishaji waliisukuma hewa ukaa hiyo kwenye mchanga wenye chumvi ulio chini ya sakafu ya bahari, kiasi kinachokaribia tani milioni moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Amini ilikuwepo kabla ya 1991, na pampu zilikuwepo. Kilichokuwa kipya ni kodi. Algeria nayo ilizika hewa ukaa huko In Salah kuanzia 2004, karibu tani milioni 4 kwa jumla, mpaka 2011 kazi iliposimamishwa kwa wasiwasi juu ya mwamba wa kufunika, ule unaoizuia isipande juu. Setilaiti zilikuwa zimeonyesha ardhi ya juu ikiinuka kwa milimita chache kila mwaka. Naiona In Salah kuwa kazi yenye manufaa makubwa, kwa sababu ilipimwa, ilichapishwa, na ilipotia shaka ilisimamishwa.

Wanaopigia debe tando za plastiki za kuchujia gesi badala ya amini wana hoja nzuri: hazina moto wa kuchemshia, hazina povu, ni nyepesi, zinafaa majukwaa ya baharini. Lakini utando hauchagui kikamilifu. Hewa ukaa inapopenya, methani kiasi hupenya nayo, na isipokusanywa kwa hatua ya pili ya utando na kompresa, hupotea.

Zebaki ni kidogo kuliko vyote kwa uzito na inaogopesha kuliko vingi. Mwaka 1973 kiwanda cha Skikda, Algeria, kilipata hitilafu kubwa pale zebaki ilipokula vibadilisha joto vya aluminiamu, na ndipo dunia ya gesi ilipoanza kuipima kwa makini. Miaka 30 baadaye, Januari 2004, kiwanda cha Moomba, Australia, kiliwaka moto kwa kosa la aina hiyohiyo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Leo zebaki hunaswa kwenye matangi yenye kaboni iliyotiwa salfa au chembe za salfaidi za metali, na hunaswa vizuri. Ila baada ya miaka kadhaa matangi hujaa, na ndani yake kuna tani za mzigo wenye sumu ambao viwanda vichache tu duniani vinaweza kuutenganisha salama. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Bado ni nadra kuona mkataba wa gesi unaotaja mzigo huo utakwenda wapi, kwa meli gani, kwa gharama ya nani.

Najua jibu nitakalopewa: haya yote ni gharama, na nchi inayohitaji umeme haiwezi kusubiri. Gharama ni kweli. Lakini kupima hakugharimu kiasi hicho. Kampuni zinazomiliki kisima kwa ubia hugawana mapato kwa kupima kila mkondo wa gesi na mafuta mepesi, na hesabu zao hazikubali upungufu usioelezwa. Kinachotakiwa ni mizania hiyo ikamilishwe kwa salfa, kaboni na zebaki, na itangazwe kila robo ya mwaka: kiasi kilichoingia, kilichouzwa, kilichochomwa, kilichozikwa, kilichoachiwa hewani. Mita ziwekwe kwenye bomba dogo la birika la glaikoli na kwenye mlango wa hewa ukaa, mahali ambapo kwa sasa panatumika makadirio.

Na ratiba iwe sehemu ya kibali. Mradi wa Gorgon, Australia Magharibi, ulipewa idhini kwa sharti la kuzika angalau asilimia 80 ya hewa ukaa inayotoka mwambani. Meli ya kwanza ya gesi iliondoka Machi 2016, uzikaji ukaanza Agosti 2019, na tangu uanze umesumbuliwa na mchanga unaoziba visima vya kuondolea maji. Matatizo ya mwamba hutokea, nani atayalaumu? Lakini kati ya meli ya kwanza na pampu ya kwanza ilipita zaidi ya miaka mitatu ya mauzo. Kibali cha mradi ujao, popote utakapokuwa, kinaweza kuandikwa kwa sentensi moja ya ziada: meli ya kwanza isijazwe kabla pampu ya kuzika haijafanya kazi siku 90 mfululizo, na kipimo chake kiko mezani kwa msimamizi.